Uzi: Nairobi–Mombasa na bili ambayo haiko kwenye tiketi

Mjadala wa SGR umerudi tena, na kama kawaida kila mtu amekuja na tiketi yake mkononi. Mmoja anasema treni hufika kwa saa tano hivi, kwa hivyo mradi ulifaulu. Mwingine anajibu ati basi humshusha Mwembe Tayari katikati ya mji na treni humwacha Miritini, kwa hivyo mradi ulifeli. Wa tatu hupanda ndege na haelewi mnabishania nini.

Wote watatu wanaongea kuhusu nauli na muda. Hayo ni maswali ya msafiri na ni halali. Lakini mtu akisimama jukwaani kuahidi reli au barabara, kuna swali lingine ambalo halipati makofi: deni la hiki chombo litalipwa na nani, na huyo mtu atalazimishwaje?

Nasema "atalazimishwaje" makusudi. Ukisoma historia ya safari kati ya hii miji miwili tangu 1896, kuna kitu kinajirudia. Serikali inajenga kwa pesa nyingi, mzigo hautoshi kulipa, halafu inatafuta sheria ya kuuleta huo mzigo kwa nguvu. Sitataja mwanasiasa wala chama kwa huu uzi. Si uoga. Tabia yenyewe imepita katika serikali ya mkoloni na zetu zote, na nikitaja jina moja tu mtaacha kusoma muanze kupigana.

Chukueni chai. Ni ndefu.

Kwanza, jambo ambalo tunasahau: swali la "njia gani bora kutoka Mombasa hadi Nairobi" halingeulizwa mwaka wa 1890, kwa sababu Nairobi haikuwepo. Palikuwa na kinamasi na mto ambao Wamaasai waliuita kwa maji yake baridi. Mombasa tayari ilikuwa mji wa karne nyingi, una majahazi, misikiti na wafanyabiashara wanaojuana na Uarabuni na India. Kwenda bara ulikuwa unatembea. Wafanyabiashara wa Kikamba, kama Kivoi ambaye jina lake bado linatajwa Ukambani, waliongoza misafara ya pembe za ndovu hadi pwani zamani kabla Mwingereza hajafikiria reli. Kizuizi kikubwa kilikuwa nyika ya Taru, ambako maji hakuna na miiba iko kila mahali.

Kituo kikuu cha Waingereza upande wa bara kilikuwa Machakos, kilichoanzishwa 1889. Halafu reli ikaja. Ilianza Mombasa 1896 na ikaipita Machakos kando. Mwaka 1899 ilifika pale kwenye kinamasi, na wahandisi wakachagua mahali hapo pa kuweka karakana na stesheni kabla ya kupanda milima ya Kikuyu. Machakos ikabaki nyuma, ofisi zikahama, na miaka michache baadaye hata makao makuu ya koloni yalitolewa Mombasa yakaletwa Nairobi.

Kwa hivyo mtu akikwambia reli ni chombo cha kuunganisha miji miwili, mwambie polepole. Hii reli ilizaa mji mmoja, ikaunyima mwingine uongozi, na wa tatu ikaupita tu. Watu wa Machakos hawakuulizwa. Watu wa Mombasa pia hawakuulizwa. Kumbukeni hilo tukifika 2019.

Sasa pesa. Bunge la Uingereza liliidhinisha pauni milioni 3 mwaka 1896. Kufikia mwisho, reli ikiwa imefika Ziwa Victoria mwaka 1901, gharama ilikuwa zaidi ya pauni milioni 5. (Mradi wa reli kupita bajeti hatukuanza sisi, tulirithi.) Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka India, na kama 2,500 kati yao walikufa. Kila mtu anajua simba wa Tsavo wa 1898. Wachache wanajua kwamba simba walikuwa sehemu ndogo ya hivyo vifo. Simba wametengenezewa filamu, malaria na kuhara havina filamu.

Reli ikaisha, na shida ikaanza hapo. Treni inaenda Kisumu na kurudi Mombasa na haina mzigo wa kutosha. Huku Uganda pamba bado haijashika. Serikali ya mkoloni ikaangalia ramani na kuuliza: nani atajaza haya mabehewa?

Jibu lao lilikuwa walowezi. Kuanzia 1902 na kuendelea, ardhi ikaanza kugawanywa kwa Wazungu walime mazao ya kuuza nje, na hoja iliyotajwa wazi wakati ule ni kwamba reli lazima ijilipe. Mwaka 1904 Wamaasai walitolewa Bonde la Ufa, pale pale reli inapopita, wakapelekwa Laikipia na kusini. Wenyeji wakawekewa kodi ya nyumba ili watafute kazi ya mshahara. Sisemi reli ndiyo sababu pekee ya ukoloni wa ardhi Kenya. Nasema tu kwamba ukifuata deni la reli unafika kwenye shamba la mtu fulani, na huyo mtu hakuwahi kupanda treni. Yeye ndiye aliyelipa bili ya kwanza.

Bili ya pili ni ya kiufundi kidogo lakini nivumilieni, kwa sababu ndiyo inaeleza mambo ya juzi.

Katika miaka ya 1920 reli ilikuwa na orodha ya bei za mizigo. Mahindi ya mlowezi yanayoenda kuuzwa nje yalibebwa kwa bei ya chini sana. Bidhaa zinazotoka bandarini kwenda bara, kama nguo ambazo Mwafrika wa kawaida alinunua dukani, zilibebwa kwa bei ya juu. Huyu wa nguo alikuwa anamlipia yule wa mahindi. Na ilifanya kazi vizuri tu bora hakuna njia nyingine ya kubeba nguo.

Halafu lori likaja.

Lori halitaki mahindi. Mahindi ni mazito na bei yake ya reli tayari ni ya kutupa. Lori linataka nguo, linataka ule mzigo mwepesi unaolipa vizuri. Mwenye lori anaweza kuubeba kwa bei ya chini kuliko reli na bado apate faida. Kwa hivyo malori yakaanza kula nyama na kuiachia reli mifupa. Uchumi wa dunia ulipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 1930, reli ikaumia kabisa.

Je, serikali ilipunguza bei ya nguo ili ishindane? Hapana. Ilitunga sheria za kuwabana wenye malori wasibebe mizigo kwenye njia inayoshindana na reli, na baadaye ikaleta mfumo wa leseni za uchukuzi. Barabara ya Mombasa nayo ikaachwa vumbi. Miaka mingi mtu alikuwa anaendesha gari kutoka Nairobi hadi Mombasa kwenye murram, akipita katikati ya tembo wa Tsavo, na hali hiyo haikutokana na umaskini peke yake. Barabara nzuri ingekuwa adui wa reli ya serikali.

Na ndani ya treni yenyewe? Daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili kwa sehemu kubwa la Wahindi, la tatu la Waafrika. Hii picha ya "treni ya usiku ya zamani, uma za fedha na shuka nyeupe" ambayo watu huipost kila mwaka wakiikumbuka kwa machozi ni picha ya behewa moja. Babu zetu wengi walikuwa lile lingine, kwenye benchi la mbao.

Uhuru ukaja na mchezo ukageuka. Katika miaka ya 1960 barabara ya Nairobi–Mombasa ikatiwa lami. Sheria za kuwabana wenye malori zikalegea. Kubeba mizigo ikawa biashara ya Mwafrika mwenye uwezo, na mara nyingi ya Mwafrika mwenye uwezo na mtu serikalini. Mabasi ya usiku yakaanza kujaa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na reli iliyokuwa ya nchi tatu ikagawanywa kama mali ya ndoa iliyokufa. Shirika la Reli la Kenya likaundwa 1978.

Mwaka huo huo wa 1978 kitu kingine kilianza kazi, na hakitajwi kabisa kwenye hii mijadala: bomba la mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi. Halina nauli, halina abiria, hakuna anayelipiga picha. Lakini liliondoa petroli na dizeli nyingi kwenye mabehewa na malori kwa mpigo. Ukiniuliza ni uchukuzi gani kati ya hii miji miwili umefanya kazi yake kwa kelele kidogo zaidi, nitakwambia bomba. Halikuhitaji mtu alazimishwe, kwa sababu kwa mafuta ndilo lilikuwa nafuu kweli.

Reli ya zamani ilikufa polepole, na kila mtu ana mshukiwa wake. Wengine wanalaumu wenye malori serikalini, wengine uongozi mbovu wa shirika. Nadhani wote wana ukweli kiasi, ila kwa msafiri ushahidi ulikuwa rahisi. Treni inachelewa, vyoo havina maji, na hujui utafika lini. Halafu kukawa na usiku wa Januari 1993, mafuriko yalipobeba daraja la Ngai Ndethya na treni ya Mombasa ikatumbukia. Zaidi ya watu 100 walikufa. Wazee wa Ukambani bado wanautaja kama tulivyozoea kutaja miaka ya njaa, kwa jina.

Mwaka 2006 reli ikakodishwa kwa kampuni binafsi, Rift Valley Railways, kwa mkataba wa miaka 25. Haikufika nusu. Mkataba ulikatizwa 2017. Kufikia wakati huo sehemu kubwa mno ya mizigo ya bandari ilikuwa barabarani, na reli ilibeba chini ya moja ya kumi.

Sasa tumefika SGR, na hapa naomba muwe wapole.

Reli mpya ina urefu wa kilomita 472. Gharama inayotajwa sana ni Sh327 bilioni, na karibu asilimia 90 ni mkopo kutoka Benki ya Exim ya China. Treni ya abiria ilianza mwisho wa Mei 2017, ya mizigo mwanzoni mwa 2018. Kwa msafiri ilikuwa raha, tuseme ukweli. Sh700 mwanzoni kwa daraja la kawaida, behewa safi, wakati unajulikana. Nauli ikapanda hadi Sh1,000, na tangu Januari 2024 ni Sh1,500. Mabasi nayo yana bei yake ya Februari na bei yake ya Desemba, na ya Desemba mnaijua.

Kama unauliza tu upande nini, jibu langu ni hili. Kama unaenda katikati ya mji na una mizigo mingi, basi bado lina maana, kwa sababu Syokimau na Miritini zote ziko nje na lazima uongeze matatu pande mbili. Kama ni usiku na unathamini maisha yako, treni. Ndege ni chini ya saa moja hewani, lakini ongeza foleni ya kwenda uwanjani Embakasi, kukaguliwa, na teksi ya Mombasa, halafu uniambie umeokoa saa ngapi. Kwa mtu wa Emali au Kibwezi, treni ya mchana inayosimama stesheni za njiani ndiyo zawadi kubwa ya huu mradi. Yeye haongelewi na mtu kwa sababu mjadala wote ni wa watu wa miisho miwili.

Hapo ndipo mjadala wa msafiri unaishia. Deni linaanzia hapo.

Hesabu ya SGR tangu mwanzo ilitegemea mizigo. Abiria hata wakijaa kila siku hawawezi kulipa mkopo wa ukubwa huo. Kwa hivyo mwaka 2014, kabla treni haijaanza kutembea, Halmashauri ya Bandari na Shirika la Reli yalitia saini makubaliano ambayo bandari iliahidi kupeleka kiasi fulani cha mizigo kwenye reli. Kikipungua, bandari inafidia. Yale maneno ya "bandari imewekwa rehani" yanayorudi kila mara yanatokana na hapo. Serikali imekanusha kwamba bandari ni dhamana ya mkopo. Lakini hata ukiamini kanusho lote, ahadi ya mizigo peke yake inatosha kueleza yaliyofuata.

Ukiwa umeahidi mizigo ambayo si yako, una njia mbili: umbembeleze mwenye mzigo kwa bei nzuri, au umwamrishe.

Agosti 2019 agizo likatoka. Mizigo yote ya kuagiza inayoelekea Nairobi na bara ipande SGR, ikashughulikiwe bandari kavu ya Embakasi. Nilisoma agizo hilo mara ya kwanza darasani na nikasema hizi ni zile sheria za malori za miaka ya 1930 zimevaa suti mpya. Reli ya serikali ina deni, lori linashindana nayo, basi lori lizuiwe. Tofauti ni kwamba mkoloni hakuwa na mahakama yenye Katiba ya 2010 ya kumwuliza.

Na mwenye mzigo alilia kwa nini wakati reli ni "nafuu"? Kwa sababu kontena likishushwa Embakasi bado halijafika. Linahitaji lori la kulipeleka godauni Industrial Area au Ruaraka, na kontena tupu lirudishwe. Analipa reli, halafu analipa lori lile lile alilozuiwa kutumia tangu Kilindini. Hiyo ya pili huwa haiko kwenye vipeperushi.

Mombasa iliandamana kila Jumatatu. Niwakumbushe ni nani walikuwa barabarani: mawakala wa forodha, madereva, mataniboi, wenye yadi za kontena, wauza chakula wa Changamwe, na vijana wa mashirika ya haki. Wengi wao si matajiri wa malori. Kuna msemo wa watu wa Nairobi ati wale ni "makateli tu". Makateli walikuwepo, siwatetei. Lakini mama anayepikia madereva wali wa nazi Mariakani si kateli. Mjomba wangu alikuwa na kibanda cha kurekebisha matairi kwenye hiyo barabara, mashariki ya Mtito. Miezi ile alikuwa anatuambia kwa simu malori anayohesabu kwa usiku mmoja, na hesabu ilikuwa inashuka kila wiki. Alifunga kabla ya Krismasi, akarudi shamba. Yeye pia alikuwa analipa mkopo wa SGR, kwa namna yake.

Oktoba 2019 serikali ilisimamisha agizo. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ikasema agizo lilikuwa kinyume cha Katiba. Septemba 2022, serikali mpya ilipoingia, moja ya matangazo yake ya kwanza kabisa lilikuwa kurudisha shughuli za mizigo Mombasa. Watu wa pwani walishangilia. Lakini deni halikwenda popote na ile shangwe. Lilihama tu kutoka kwa mwenye kontena kwenda kwa mlipa kodi wa kila mahali, na hakuna jukwaa lililotangaza hiyo sehemu ya pili.

Kwa kweli huyo mlipa kodi alikuwa tayari analipa. Tangu 2013 kuna ada ya maendeleo ya reli inayotozwa kwenye bidhaa zinazoagizwa kutoka nje. Ilianza ikiwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa. Simu, vipuri vya pikipiki na mitumba, vyote viko ndani. Mama wa Lodwar ambaye hajawahi kuona behewa la SGR analipa kidogo kila akinunua kitu kilichotoka ng'ambo. Sasa mtu wa Nairobi akiniambia "treni ni Sh1,500 tu", namwuliza hiyo "tu" ameongezewa na nani.

Mwalimu wetu mmoja hupenda kusema faida ya miradi hukaa mahali pamoja inapigwa picha, na gharama hutawanywa kama unga mpaka hakuna anayeiona. Sijapata mfano bora Kenya kuliko huu.

Kabla watu wa malori hawajaanza kushangilia kwenye maoni: nyinyi pia mna mtu anayewalipia. Barabara ile inatengenezwa kwa tozo ya mafuta, iliyowekwa kwa sheria ya 1993, na tangu Julai 2024 ni Sh25 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Anayeharibu lami zaidi ni lori zito, hasa lililojaza kupita kiasi na likapata njia ya kupita mizani. Lakini mwenye bodaboda Kitui analipa Sh25 ile ile kwa lita, na pikipiki yake haijawahi kuvunja lami ya mtu. Na ajali za ile barabara zinalipwa na familia, mara moja, bila risiti. Kwa hivyo hoja ya "barabara ni soko huru, reli ni mkono wa serikali" naikataa. Zote mbili ni mkono wa serikali. Moja ina deni lenye jina la benki, nyingine deni lake limejificha kwenye pampu.

Mimi naipenda reli, tusielewane vibaya. Mzigo mzito wa safari ndefu unafaa treni, hiyo ni hesabu ya kawaida. Ninachokataa ni utaratibu: kujenga kwanza, kuficha mkataba, kugundua mzigo hautoshi, halafu kumgeukia yule mnyonge zaidi kwenye mnyororo na kumwambia uzalendo ni kutumia hiki chombo. Mkoloni alifanya hivyo akiwa na bunduki. Sisi tumefanya kwa waraka wa ofisi.

(Kidogo nje ya mada: mkipita Makindu, mchana, ingieni lile hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926. Wenye reli ndio waliolianzisha. Unalishwa bure, hakuna anayekuuliza dini wala kabila. Ni jengo moja kwenye hii njia nzima ambalo gharama yake hailipwi na mtu aliyelazimishwa.)

Mbona nimeandika haya yote sasa? Kwa sababu ahadi inayokuja ni barabara ya kasi ya kulipia kati ya Nairobi na Mombasa. Si wazo jipya. Agosti 2017 mkataba ulitiwa saini na kampuni ya Kimarekani, Bechtel, na ukakwama kwenye swali la nani alete pesa: serikali ikope, au mjenzi alete zake azirudishe kwa kutoza magari. Tangu hapo wazo limerudi na sura nyingine. Mtalisikia sana kwenye kampeni, na litakuja na maneno matamu: "haitagharimu mlipa kodi hata shilingi", kwa sababu ni ubia na kampuni binafsi.

Watu wa Nairobi wameonja kidogo. Ile barabara ya juu ya Mlolongo hadi Westlands ilifunguliwa 2022. Anayelipa anapita juu, asiyelipa anabaki chini kwenye foleni. Lakini hapo kuna chini. Kati ya Emali na Voi, chini ni ipi? Kama barabara ya zamani itapanuliwa na kuwa ndiyo hiyo ya kulipia, matatu ya Makindu kwenda Kibwezi, inayobeba wanafunzi na magunia ya pojo, itapita wapi? Na kama ya zamani itabaki bure, malori yatabaki huko huko. Mwenye kuwekeza atataka kujua pesa zake zitarudi vipi, na tumeona mara mbili serikali hujibu vipi swali kama hilo.

Kwa hivyo siku huo mkataba utakapotoka, kama utatoka, mimi sitaanza na picha za madaraja. Nitatafuta ukurasa unaosema kampuni italipwa nini, na nani, idadi ya magari ikikosa kufika ile iliyoahidiwa. Kuna yeyote mwenye rasimu? Nitumieni, niko tayari kuisoma yote na kuileta hapa kwa Kiswahili.